Jinsi ya kuthibitisha kwamba programu yako itakoma: mwongozo kamili

Ukimwuliza mtu anajuaje kwamba kitanzi chake (sehemu ya programu inayojirudia) kitakoma, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Nimekiendesha, kimeisha." La pili: "`i` inaongezeka kila mara, kwa hiyo itafika tu." Jibu la kwanza linahusu maingizo uliyojaribu, basi. La pili limekaribia, ila halisemi `i` inaelekea wapi, inaongezeka kwa kiasi gani, wala kama mpaka wenyewe nao hausogei.

Wengi hukwama hapo hapo: wanaona kitu kinachopungua kwa kawaida, halafu wanaandika kwamba kinapungua daima. Hatua zifuatazo zinaziba pengo hilo.

## Vitu unavyohitaji

- Msimbo mfupi: kitanzi kimoja au fanksheni moja. Usianze na faili zima.
- Aina ya kila kigeu. Ni namba kamili au desimali? Ina biti ngapi? Inaweza kuwa hasi?
- Masharti ya kuingia, yaani ahadi ambazo anayeita fanksheni lazima azitimize. Kama hazijaandikwa popote, ziandike sasa.
- Kalamu na karatasi. Hisabati inayotumika haizidi alama za `<` na `≤`.
- Ukipenda, kihakiki (programu inayokagua uthibitisho) kama Dafny au Lean, kwa ajili ya hatua ya 7.

Hoja yote inasimama juu ya kitu kimoja, nitakachokiita kipimo. Ni usemi unaoundwa na vigeu vya programu, wenye sifa mbili: kila mwili wa kitanzi (mistari inayorudiwa) unapoanza, thamani yake ni namba kamili isiyopungua sifuri, na kila mzunguko unaipunguza kwa angalau 1. Kipimo kikianza na 40, mizunguko haiwezi kuzidi 41. Hakuna cha ziada cha kuthibitisha.

## Hatua ya 1: Orodhesha kila mahali panaporudi nyuma

Mistari inayofuatana moja kwa moja hukoma yenyewe. Hatari iko kwenye vitanzi, fanksheni zinazojiita, fanksheni mbili zinazoitana kwa zamu, na sehemu zinazosubiri kitu cha nje: mtandao, kufuli, au mtumiaji abonyeze kitufe.

Usisahau vitanzi vilivyofichika. Kupita kwenye orodha kipengele kwa kipengele huonekana salama, lakini mwili ukiongeza vipengele kwenye orodha ile ile, mwisho unasogea kila unapoukaribia.

Baadhi ya vitanzi havitakiwi kukoma. Seva hupokea maombi mpaka izimwe. Andika pembeni "hiki hakikomi kwa makusudi", kisha thibitisha kwamba kazi ya kushughulikia ombi moja inaisha.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya namba za mistari, na kila fanksheni ya nje inayoitwa kutoka humo ina neno lako kwamba inakoma, au alama ya kuuliza.

## Hatua ya 2: Chora njia zote ndani ya mwili

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Tazama kitanzi hiki, kinachogeuza idadi ya siku kuwa mwaka:

```
wakati siku > 365:
    ikiwa mwaka_mrefu(mwaka):
        ikiwa siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    la sivyo:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1
```

Kisome haraka na utaapa kwamba `siku` inapungua. Lakini msimbo wa namna hii ndio ulioganda kwenye vicheza muziki vya Zune 30 vya Microsoft tarehe 31 Desemba 2008. Chora njia zake uone kwa nini:

1. Mwaka mrefu, na `siku > 366`: `siku` inapungua kwa 366.
2. Mwaka mrefu, na `siku` haizidi 366: hakuna kinachobadilika.
3. Mwaka wa kawaida: `siku` inapungua kwa 365.

Njia ya 2 inahitaji `siku > 365` ili kuingia kwenye kitanzi, na `siku ≤ 366` ili kuruka tawi la ndani. Namba pekee inayotimiza yote mawili ni 366, yaani siku ya mwisho ya mwaka mrefu. Programu inaingia, haifanyi kitu, inarudi juu, inaingia tena. Siku inayofuata hesabu inakuwa 367, njia ya 1 inaipeleka hadi 1, na kitanzi kinaisha kana kwamba hakikuwahi kuwa na kasoro.

Majaribio ya siku nyingine zote yangepita. Kuchora njia tatu kwenye karatasi kungeikamata kasoro hii ndani ya dakika chache.

Tahadhari: `ikiwa` isiyo na `la sivyo` bado ina njia mbili. Ile ya kimya ndiyo ya kuandika kwanza.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali: kila njia, masharti yake, na vigeu vinavyobadilika humo. Safu ya mwisho ikiwa tupu kwenye mstari wowote, na mwili hausomi chochote cha nje, umeshapata kasoro. Acha kuthibitisha, karekebishe.

## Hatua ya 3: Tafuta kipimo

Anza na sharti la kitanzi, kwa sababu mara nyingi linakutajia jibu.

- `i < n` inakupa `n - i`.
- `b > 0` inakupa `b`.
- `chini < juu` inakupa `juu - chini`.
- "Foleni bado ina vitu" inakupa idadi ya vitu, mradi mwili hauongezi vingine.

Sharti likiwa bendera ya kweli au si kweli, halikusaidii. Chukua upangaji wa safu kwa kubadilishana majirani, unaorudia mpaka pasiwe na mabadilishano. Bendera haishuki, ni kweli, kweli, kweli, halafu si kweli. Uliza badala yake: kazi iliyobaki inahesabika vipi? Hapa ni idadi ya jozi zilizokaa kinyume, yaani kubwa imetangulia ndogo. Kubadilisha majirani wawili waliokaa kinyume huondoa jozi moja kamili ya aina hiyo, wala hakuongezi nyingine. Kila duru yenye badilisho inashusha hesabu, na duru isiyo na badilisho ndiyo ya mwisho. Kwa safu ya vitu n, jozi hizo haziwezi kuzidi n(n−1)/2.

Umefanikiwa ukiwa na usemi mmoja uliouandika. Bado ni dhana tu; hatua mbili zinazofuata ndizo zinazoupa nguvu.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwamba kipimo kina sakafu

Kushuka peke yake hakutoshi. Namba 10, 9, 8 zinaweza kuendelea chini ya sifuri bila mwisho. Kwa hiyo lazima sharti la kitanzi, pamoja na ukweli unaodumu mwilini, vihakikishe kwamba kipimo hakijapita sifuri kila mwili unapoanza.

Kipimo kiwe pia namba kamili. Mfuatano 1, ½, ¼, ⅛ unashuka daima, hauvuki sifuri, na hauishi. Ukiuendesha kwa desimali za biti 64 utaona kitu cha kuchekesha: `wakati x > 0: x = x / 2`, ukianzia 1.0, inakoma baada ya kugawa mara 1,075, kwa sababu namba imekuwa ndogo kiasi kwamba mashine inaikadiria kuwa sifuri. Kimekoma, ndiyo, ila kilichokikomesha ni ukadiriaji wa mashine. Hoja yako haikuhusika.

Desimali zinauma upande wa pili pia:

```
x = 0.0
wakati x != 1.0:
    x = x + 0.1
```

Baada ya kujumlisha mara kumi, `x` ni 0.9999999999999999. Mara ya kumi na moja imeshapita 1.0, na kitanzi hakikomi. Hesabu mizunguko kwa namba kamili, kisha uipate `x` kutoka humo.

Halafu upana wa namba. Kigeu cha biti 8 kisichokubali hasi hakiwezi kuzidi 255; kwa hiyo `wakati i <= 255` ni kweli daima, maana baada ya 255 kinarudi 0. Vivyo hivyo `wakati i >= 0` kwa kigeu kisichoweza kuwa hasi. Kwenye karatasi vyote viwili vina kipimo kizuri sana. Kwenye mashine havina, na ndiyo maana aina za vigeu zimo kwenye orodha ya mahitaji.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja: "Mwili unapoanza, kipimo ni ≥ 0 kwa sababu…" na sababu hiyo inatoka kwenye sharti la kitanzi, sharti la kuingia, au aina ya kigeu. Kwingine kote ni matumaini.

## Hatua ya 5: Thibitisha kushuka, njia moja baada ya nyingine

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 2. Kwa kila mstari, andika kipimo kabla na baada, kisha onyesha cha baada ni kidogo kabisa. "Sawa au kidogo" haitoshi.

Mfano mwepesi ni kigawo kikubwa cha shirika kwa njia ya Euclid:

```
wakati b > 0:
    baki = a % b
    a = b
    b = baki
```

Kipimo ni `b`. Masharti ya kuingia: `a` na `b` si hasi. Njia ni moja. Baki la kugawa kwa `b` daima ni dogo kuliko `b` na si hasi, kwa hiyo `b` mpya ni ndogo kuliko ya zamani na haijapita sifuri. Imekwisha.

Kipimo hiki hakikuelezi kasi. Kwa `b` ya 1,000,000 kinaahidi tu kwamba mizunguko haitazidi milioni moja. Gabriel Lamé alionyesha mwaka 1844 kwamba hatua hazizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo, yaani 35 hapa. Ukitaka kujua muda, hiyo ni kazi nyingine. Kwa kuthibitisha kukoma, kipimo kikubwa kupita kiasi hakina ubaya wowote.

Sasa mfano unaoangusha watu: kutafuta kwenye safu iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu.

```
wakati chini < juu:
    kati = (chini + juu) / 2
    ikiwa safu[kati] <= lengo:
        chini = kati
    la sivyo:
        juu = kati - 1
```

Ugawaji unatupa sehemu ya desimali. Kipimo ni `juu - chini`, na sakafu inatoka kwenye sharti.

Njia ya pili: `kati` haizidi `juu`, kwa hiyo `kati - 1` ni ndogo kuliko `juu`. Kipimo kinashuka.

Njia ya kwanza: kipimo kipya ni `juu - kati`. Ili kiwe kidogo kuliko `juu - chini`, lazima `kati > chini`. Je, ni hivyo daima? Weka `chini = 4`, `juu = 5`. Jumla ni 9, nusu yake ni 4, `kati` ni 4. `chini` inapewa thamani iliyokuwa nayo tayari, na mashine inaanza kuzunguka.

Ona jinsi uthibitisho ulivyokupeleka kwenye kasoro bila kubahatisha. Ulihitaji `kati > chini`, ukatafuta lini inavunjika, ukapata: pale `juu` inapozidi `chini` kwa 1. Rekebisha kwa kukadiria kwenda juu:

```
kati = chini + (juu - chini + 1) / 2
```

Sasa `juu - chini` ikiwa angalau 1, `kati` ni angalau `chini + 1`. Njia zote mbili zinashuka. Kuandika hivi pia kunakuepusha na jumla ya `chini + juu` kufurika, yaani kuzidi upana wa namba, kwenye safu kubwa sana.

Tahadhari: usinakili marekebisho haya kwenye toleo lenye `chini = kati + 1` na `juu = kati`. Hilo linataka ukadiriaji wa kwenda chini. Ukikadiria juu, kwa 4 na 5 `kati` inakuwa 5, `juu` inabaki 5, na umehamisha ugonjwa kutoka tawi moja hadi jingine.

Umefanikiwa kila mstari wa jedwali ukiwa na alama ya `<` na sababu yake.

## Hatua ya 6: Namba moja isipotosha, tumia jozi

Kutembelea vituo vya mtandao kwa kutumia rundo: unatoa kituo juu ya rundo, kama hakijatembelewa unakitia alama na kuweka majirani zake kwenye rundo. Urefu wa rundo unapanda na kushuka. Idadi ya vituo visivyotembelewa haipandi, lakini wakati mwingine inabaki pale pale.

Viweke pamoja kwa mpangilio: (visivyotembelewa, urefu wa rundo). Linganisha kama maneno katika kamusi: sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua, ya pili inaangaliwa tu zile za kwanza zikilingana. Ukikuta kituo kipya, sehemu ya kwanza inashuka, na rundo linaruhusiwa kuongezeka kwa kiasi chochote. Ukikuta cha zamani, ya kwanza inabaki na rundo linapungua kwa moja. Kila njia imeshuka.

Hili haliwezi kuendelea milele kwa sababu sehemu ya kwanza ina nafasi chache za kushuka, na kati ya kushuka kumoja na kwingine, ya pili nayo ina nafasi zinazohesabika.

Fanksheni zinazojiita hufuata njia hiyo hiyo. Kipimo kinahusu vitu unavyozipa. Fanksheni ya Ackermann ndiyo mfano maarufu:

```
A(0, n) = n + 1
A(m, 0) = A(m - 1, 1)
A(m, n) = A(m - 1, A(m, n - 1))
```

Jozi ni (m, n). Katika kila wito ama `m` inapungua, ama `m` inabaki na `n` inapungua. Inakoma kwa kila m na n zisizo hasi. Ila usiisubiri: A(4, 2) ni namba yenye tarakimu 19,729.

Tahadhari kwa wito ulio ndani ya wito. Chukua fanksheni hii ya namba kamili: f(n) ni n − 10 kama n inazidi 100, la sivyo ni f(f(n + 11)). Kipimo ni 101 − n, au 0 ikiwa hiyo ni hasi. Wito wa ndani unashusha kipimo waziwazi. Wito wa nje unapokea f(n + 11), na huwezi kusema lolote kuhusu kipimo chake mpaka ujue kwamba f(n + 11) inazidi n. Hapo unalazimika kuthibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba f inakoma, na kwamba f(n) haipungui n − 10. Kutoka la pili, f(n + 11) ni angalau n + 1, na wito wa nje nao unashuka.

## Hatua ya 7: Mpe mashine akague

Kwenye Dafny unaandika `decreases juu - chini` chini ya sharti la kitanzi, na kihakiki kinapitia kila njia kwa niaba yako. Lean ina `termination_by` kwa fanksheni zinazojiita. Kwa vitanzi na fanksheni rahisi, zote mbili hukisia kipimo zenyewe, kwa hiyo usishangae kukubaliwa bila kuandika chochote.

Utaratibu huu hautumiki kwenye hesabu za darasani pekee. Kiini cha Linux hukagua kila programu ya eBPF (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kiini chenyewe) kabla ya kuipakia, na huikataa ile ambayo mkaguzi hawezi kuuona mwisho wake. Kuanzia toleo la 5.3 la mwaka 2019 vitanzi vimeruhusiwa humo, mradi viwe na kikomo kinachoonekana.

Tahadhari mbili. Kwenye Dafny, `decreases *` maana yake umeomba usikaguliwe. Na aina yake ya `int` haina ukomo, kwa hiyo kasoro ya biti 8 ya hatua ya 4 itapita kimya kama hukutumia aina yenye upana halisi.

## Hatua ya 8: Ukikosa kipimo kabisa

Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila programu na kila ingizo, kama itakoma. Hilo halikuzuii kuthibitisha programu yako mahususi. Lakini zipo fupi zinazoshinda kila mtu: namba ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 na ujumlishe 1, rudia mpaka ufike 1. Ukianza na 27 utapanda hadi 9,232 na kutumia hatua 111 kabla ya kufika. Kwamba kila namba hufika, hakuna uthibitisho uliokubalika.

Kitanzi chako kikiwa cha aina hiyo, au kikitegemea mtandao unaoweza kunyamaza, badilisha programu badala ya kuendelea kukisia:

```
wakati haijafika(x) na majaribio > 0:
    x = hatua_inayofuata(x)
    majaribio = majaribio - 1
```

Kipimo ni `majaribio`, na kila kusubiri kwa nje kuwe na muda wa mwisho. Baada ya kitanzi, uliza kilikoma kwa sababu gani. Kama majaribio yameisha, rudisha kosa. Usirudishe `x` ya mwisho kana kwamba ni jibu.

Ukimaliza, acha uthibitisho ndani ya msimbo, juu ya kitanzi chenyewe:

```
# kipimo: juu - chini, sakafu 0 kutokana na sharti
# njia 1: kati > chini   njia 2: kati - 1 < juu
```

Anayeongeza tawi baadaye ataongeza na mstari wake hapo. Mkague hasa akiweka amri ya kuruka mzunguko juu kabisa ya mwili: ikitangulia `i = i + 1`, njia mpya imezaliwa ambayo haishuki.